Mshale wa Saa ya Joto

Hamisa alikuwa ametangulia, mkeka kichwani na sufuria mkononi. Hiza, mumewe, alimfuata na sanduku la bati. Walishika njia ya Makuyuni, mikonge imelowa pande zote mbili. Mvua ya masika ya mwaka hamsini na nne ilinyesha hata mawe yakachoka.

Walikuwa wamefukuzwa shamba la mkonge asubuhi ile.

Miaka mitatu Hiza alikuwa msoma saa katika nyumba ya kukaushia katani. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kigoda, kutazama mshale wa saa ya joto, ambayo nyaya mbili nyembamba ziliiunganisha na tanuru, na kuandika namba daftarini kila robo saa. Joto likizidi, katani inaungua, likipungua, inaoza. Tangu juma lililopita mshale ulishikwa na wazimu: sitini, mia na kumi, sabini, mia na ishirini. Hiza aliandika alichokiona. Bwana Injinia akasema joto halirukiruki kama mbuzi, na kwenye kipande cha Hiza, ile kadi ya kazi ambayo kila mwajiri huisoma, akaandika neno moja la Kiingereza. Karani akamtafsiria: mwongo. Kwa kipande kile hakuna shamba, Korogwe wala Handeni, ambalo lingemwajiri.

"Unatembea kama mwizi wa kuku," Hamisa alisema bila kugeuka.

"Nyamaza, mama."

"Ninyamaze? Uliandika uongo?"

"Sikuandika."

"Basi nani anakimbia hapa? Mimi niliyebeba sufuria?"

Hiza alitua sanduku kwenye tope. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua tangu walipotoka: saa ya chakula, mashine za brashi zinazosugua katani kavu zikisimama, mshale nao hupumzika. Kila siku. Hasira ikampanda mpaka masikioni. Akarudi shambani karibu akimbie.

Injinia alikuwa mbele ya saa pamoja na nyapara Ponsiano, wanautazama mshale unavyoruka. Hiza hakusalimu.

"Laurenti, zima mota!"

Laurenti, mwendesha brashi, alikodoa macho. "Ndugu yangu, utanifukuzisha na mimi."

"Zima, nakwambia!"

Mota ikanyamaza. Mshale ukatulia kwenye sabini kama kuku aliyeatamia.

"Washa."

Mshale ukaruka.

Hiza alizifuata zile nyaya nyembamba kwa kidole. Juma lililopita, kwa ajili ya wakubwa waliokuja kukagua, nyaya zote za nyumba ile zilikusanywa fungu moja na kufungwa kamba ya katani, nadhifu kama nywele za bibi harusi. Nyembamba zililala ubavuni mwa waya mnene wa mota, hatua ishirini nzima.

"Nani amezifunga hizi?"

Ponsiano alitazama viatu vyake. "Bwana alitaka usafi."

"Umeme wa mota unapiga kelele," Hiza alisema, "na hizi nyembamba zinaisikia, zinaileta kwenye saa. Halafu mwongo ni mimi!"

Akakata kamba. Akafungua ncha za upande wa saa, akaketi chini, akakunja suruali, akazisokota zile nyaya mbili pajani, moja juu ya nyingine, kama mama yake alivyosokota kamba Handeni, zishikamane, kelele isipate pa kuingia. Paja likawa jekundu. Kisha akazipitisha ukuta wa pili, mbali na mota, akaunga ncha.

"Washa."

Brashi zikanguruma. Mshale ukatetemeka kidogo, ukasimama. Sabini na mbili.

Injinia alitoa kijitabu mfukoni akachora nyaya zile, msokoto kwa msokoto. "Mzuri," alisema. "Sasa toka. Nani naambia wewe gusa waya?"

"Na kipande changu, Bwana?"

"Kwisha andika."

"Basi futa!" Sauti ya Hiza ilizidi brashi. "Mchoro umeuchukua, neno lako unaniachia?"

Ponsiano alimshika mkono kumtoa. Hiza aliukung'uta, akatoka mwenyewe.

Injinia alipeleka mchoro makao makuu, akapandishwa cheo akapewa shamba kubwa zaidi. Ponsiano alibaki nyapara mpaka macho yakamwisha. Laurenti alipewa kigoda cha msoma saa, akakikubali. Hiza na Hamisa walilima mahindi Kabuku, mwaka wa mvua wakapata, mwaka wa jua wakakosa. Mara moja walikutana na Laurenti na mkewe, sokoni Korogwe, mwaka wa hamsini na tisa. Laurenti alisalimu. Hiza alipimiwa chumvi yake, akaifunga, akapita. Hamisa ndiye aliyeitikia.