Mtoto wa Mgongoni

Juzi nilimsikia mama mmoja redioni akifundisha namna ya kusafiri na watoto. Chemsha maji ya kunywa, alisema, funga chakula kikavu, beba nguo za kubadilisha. Nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Si kwamba alikosea. Yote aliyosema ni kweli na mimi nayafanya. Ila hakusema ufanye nini kama kuna mwanaume anakufuata njia nzima, anasubiri mwanao akanyage chini ili amchukue. Hilo nalijua mimi, Esteria, na kwa kuwa redio haitaniita, nitalisema mwenyewe.

Mume wangu Longinus alifariki mwaka sabini na mbili, kwao Busunzu, upande wa Kibondo. Alikuwa seremala, mtu mpole, na hakuninyanyulia mkono hata mara moja. Alituacha watatu: mimi, binti yetu Josephina, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto, na Crispin, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Matanga yalipokwisha, baba mkwe wangu Ntirampeba aliwaita wazee wa ukoo. Pombe ya ndizi ikanywewa, nami nikaambiwa kwamba nimerithiwa na Reverien, mdogo wa marehemu. Reverien alikuwa tayari na wake wawili ambao hata kuni hawakuazimana. Nikasema hapana. Nilisema nikiwa nimegeukia ukutani, kwa sababu kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, lakini nilisema kwa sauti ya kusikika nje.

"Basi rudi kwenu Kitanga," Ntirampeba akajibu. "Wewe umeikuta desturi hapa na utaiacha hapa. Anayebebwa mgongoni ni wako, mchukue. Anayetembea kwa miguu yake kwenye ardhi yetu ni wa ukoo."

Kila mtu alielewa. Crispin niende naye, Josephina abaki. Mtoto wa kike huja kuolewa, na anapoolewa ng'ombe huingia zizini. Reverien alikuwa ananitazama kama mtu aliyekwisha kuwafungulia ng'ombe hao lango. Zikanijia hasira, nazo ndizo zilizonisimamisha.

"Baba," nikauliza ule ukuta, "anayebebwa mgongoni ni wangu? Mbele ya wazee hawa?"

"Nimesema. Mpaka gari likuondoe hapa, anayebebwa ni wako."

"Nashukuru sana, baba."

Sasa sikilizeni, ninyi mnaosafiri na watoto. Jambo la kwanza ni kujua cha kuacha. Niliacha masufuria, jembe, mkeka, hata kitanda alichokichonga Longinus kwa mikono yake. Nilifunga chumvi kidogo kwenye pindo la khanga na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Chakula cha safari kiwe kikavu, maana mtoto aliyekunywa uji atataka kushuka kila mnapopita kichaka. Jambo la pili, mfundishe mtoto safari kabla ya safari. Jioni ile nilicheza na Josephina ndani ya nyumba. Nambeba, nazunguka naye, kisha nasema ghafla, "Kunja!" naye anakunja miguu mpaka visigino vinamgusa matakoni. Alicheka sana. Sikumwambia kwa nini tunacheza.

Asubuhi nilimfunga Crispin kifuani kwa khanga. Halafu nikatandaza ngobyi, ile ngozi ya kondoo ya kubebea watoto, nikiwa ndani ya mlango, Josephina akapanda juu ya kinu na kutoka kwenye kinu akaingia mgongoni mwangu. Mtoto mkubwa usimfunge chini kama mtoto mchanga, atakuvuta kiuno. Mpandishe juu, kidevu chake kifike begani kwako, fundo ulikaze juu ya matiti. Tukatoka hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, miguu mirefu ya Josephina ikining'inia pande zote mbili.

Wazee walikuwa wamekaa uani. Mzee mmoja alianza kucheka akajifanya anakohoa.

"Huyo anatembea!" Reverien akapiga kelele. "Mwambie ashuke!"

"Sasa hivi anabebwa," nikasema.

 Ntirampeba neno alikwisha kulitoa mbele ya wazee, na kulirudisha ingekuwa aibu. Alimfanyia Reverien ishara ya kichwa, nifuatwe.

Kutoka pale hadi barabara ya Kasulu ni vilima na mabonde, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Reverien alikuwa nyuma yangu, mikono mitupu, anapiga mluzi. Penye kivuli alivunja muwa akaumenya kwa meno polepole.

"Josephina wee," akaita, "shuka uchukue muwa wa baba mdogo. Mama amechoka, humwonei huruma?"

Nikausikia moyo wa mtoto ukipiga mgongoni kwangu. "Mama, umechoka?" akauliza.

"Nimechoka," nikamjibu. Usimdanganye mtoto safarini, atakosa wa kumwamini. "Nimechoka lakini sijamaliza."

Hakuuangalia tena ule muwa.

Ukichoka na mzigo wa mgongoni usikae, maana kusimama tena ndiko kunakoua. Egemea mti, acha mti ubebe, pumua, kisha endelea. Nilifanya hivyo kila kilima. Kwenye mteremko wa mwisho mguu uliteleza, nikaanguka kwa magoti yote mawili kwenye tope. "Kunja!" nikapiga kelele, na Josephina akakunja kabla sijamaliza neno. Reverien alikuja mbio, akainama kabisa kutazama kama kuna alama ya unyayo mdogo kwenye lile tope. Alama zilikuwa mbili, za magoti yangu. Nilinyanyuka huku nalia kwa maumivu, na machozi sikuyafuta.

Karibu na barabara Josephina akaninong'oneza sikioni. Alikuwa na haja ndogo, na hakuweza tena kungoja.

Kwa hili mama wa redioni hana somo. Nilivua kandambili nikasimama pembeni ya njia, miguu nimeitanua kidogo. Nikalegeza fundo, mkono mmoja nimemshika, nikamzungusha polepole hadi mbele, chini ya Crispin. "Weka miguu juu ya miguu yangu," nikamwambia. "Kushoto juu ya kushoto. Kulia juu ya kulia." Akasimama hapo, nyayo zake zenye joto juu ya nyayo zangu zenye tope, akachuchumaa, akamaliza. Nami nililoa mpaka kwenye vifundo. Kisha akanishika shingo, nikamrudisha mgongoni.

"Amekanyaga!" Reverien akasema.

"Amekanyaga nini?"

 Reverien akatupa muwa.

Lori la kwanza lilikuwa la Saidi, mfanyabiashara wa Kasulu, limejaa magunia ya maharage. Aliniona, akasimama mwenyewe bila kupungiwa mkono.

"Subhanallah! Mama, wawili? Mshushe huyo mkubwa upumue kwanza."

"Baba, nikimshusha ananyang'anywa."

Saidi akamtazama Reverien, akanitazama magoti.  Alifungua bodi ya nyuma, akaviringisha gunia moja likawa ngazi, nami nikapanda nao wote wawili. Lori lilipoondoka Reverien alibaki katikati ya barabara, anazidi kuwa mdogo.

"Mama, nishuke sasa?" Josephina akauliza.

Ningeweza kumshusha. Gari lilikuwa limeshaondoka, na neno la baba mkwe liliishia hapo. Lakini sikuwaamini, wala sikutaka. Nilimwambia bado. Niliegemea magunia, nikafikicha majani ya mlimao niliyokuwa nimeyafunga kwenye khanga, nikamnusisha asitapike, mpaka Kasulu. Njiani kutoka Kasulu hadi Kitanga kaka yangu alinikuta na baiskeli, nikakataa kupanda, nikatembea. Nilimfungua Josephina kwenye kizingiti cha baba yangu. Mabega yangu hayajawahi kurudi kama yalivyokuwa, na siyadai.

Kiangazi kilichofuata Ntirampeba alikuja Kitanga, Reverien nyuma yake. Walikaribishwa vizuri, wakapewa viti na pombe, kwa sababu sisi si watu wa kufukuza wageni. Baba mkwe alikunywa, akapangusa midomo, akasema alichokijia.

"Nimemwona mtoto akiteka maji kisimani. Anatembea. Anayetembea ni wa ukoo."

Nilimwita Josephina. Sikuwa nimempanga, naapa. Alitoka jikoni mbio, akaona ni nani aliyekaa pale uani, akasimama. Kisha akaja kwangu, akanigeuzia mgongo, akapanda juu ya miguu yangu. Kushoto juu ya kushoto, kulia juu ya kulia. Alikuwa amerefuka, kichwa chake kilinifika kifuani.

Siku hiyo nilimtazama baba mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Longinus. Hilo sikulijua, na liliniuma.

"Baba," nikasema, "ulisema kwenye ardhi yenu. Tangu nilipotoka mlangoni kwenu, mtoto huyu amekanyaga wapi kwenye ardhi yenu?"

Reverien akaanza kuongea, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Ntirampeba aliitazama ile miguu minne. Mwishowe akaliacha lile dai, akasema ana kiu, akaomba maji.

Josephina alitaka kuruka akamletee, maana babu ni babu. Hapo si ardhi yao, lakini bado sikuwaamini, nikamshika mabega.

"Taratibu," nikamwambia. "Tutampelekea pamoja."

Tukaenda hivyo hadi kwenye mtungi, yeye juu ya miguu yangu, hatua kwa hatua, tukachota, tukarudi. Akampa babu yake maji kwa mikono miwili, kwa adabu zote, bila kugusa chini.