Birika Kushoto, Sukari Kulia

Aliporudi nyumbani kutoka chuo cha upishi, majirani walisema binti wa seremala amerudi na wazimu wa adabu. Akipita nyuma ya mtu, hata barazani, husema "nyuma yako". Akibeba chai hutangaza "moto". Hakati hata nyanya kabla ya kutandika kitambaa kibichi chini ya kibao ili kisiteleze, na kila akitumiacho hukifuta na kukirudisha kilipotoka kabla hajashika kingine. Kaka yake akambatiza jina la Trafiki. Mwenyewe alicheka tu. Mwalimu wao aliwazoesha hivyo mpaka yakawaingia damuni.

Mama yake, mshonaji, hakucheka. Jiko lilikuwa lake tangu aolewe, na sukari ilikaa alipoiacha mara ya mwisho: leo rafuni, kesho katikati ya makopo ya uzi. Binti alipojaribu kupanga vitu, mama alimwambia, kwa upole wenye miba, kwamba akapange huko hotelini anakofanya kazi.

Mzigo wa nyumba ile ulikuwa macho ya baba. Yalififia bandu bandu, mpaka akauweka msumeno chini. Hilo alilimeza. Lililomkaa kooni ni chai. Miaka yote alijipikia chai yake ya alfajiri kabla nyumba haijaamka, na sasa alikaa kitini akingoja kuletewa kama mgeni.

Asubuhi moja alichoka kungoja. Akaenda jikoni, akachemsha maji mwenyewe. Alipokuwa akipapasa kutafuta sukari, mkono ukaligonga birika, maji yakammwagikia vidoleni. Walimkuta ameutumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji. Mama alilia, akaapa kwamba mzee hatakanyaga tena jikoni.

Binti hakulia. Si kwamba hakuumia. Chuoni, chakula kikiungua, walifundishwa kutazama kwanza kilichobaki sufuriani, na siku hizi ndivyo alivyotazama kila jambo. Baba alibaki na pua nzima, masikio mazima, na mikono iliyozijua mbao hata gizani. Alipomaliza kumfunga kidonda, alimgeukia mama.

"Mama, kule chuoni umeme ukikatika hatukuacha kupika. Mkono ulijua chumvi iko wapi. Baba leo hakuponzwa na macho. Ameponzwa na sukari."

Mama alijifuta machozi. Kisha akauliza, sasa sukari ikae wapi?

"Baba ndiye aseme."

Baba akasema. Birika likae kushoto kwa jiko, sukari kulia, majani ya chai nyuma ya sukari, kikombe kwenye msumari. Aliyetaabika kuzoea ni mama. Mara ngapi alisikika akirudi jikoni mbiombio, kopo la sukari mkononi, akijinung'unikia! Hata kaka mtu alijikuta akisema "nyuma yako" kila akimpita mzee, kwa sababu aliona mzee akitangaziwa hivyo hashtuki.

Kidonda kilipopona, nyumba iliamshwa na harufu ya chai. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Walikunywa wakitazamana, na baba, aliyekisia maana ya kimya chao, akawaambia:

"Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Akikupikia je? Nyamaza unywe."

Mama alicheka mpaka chai ikampalia.

Baadaye, siku binti alipokuwa hana zamu kazini, baba alimwomba amfundishe kukata kitunguu. Binti akamkunja vidole vya mkono wa kushoto, kisu kiegemee kwenye vifundo. Mzee alisema hiyo haina tofauti na kuuongoza msumeno, akaanza taratibu. Vipande vilitoka vingine vinene kama vigingi, vingine vyembamba kama maranda. Mama hakuchagua. Alivizoa vyote, akavitia kwenye mafuta ya moto, na harufu ikatambaa hadi barazani. Mzee alibaki pale pale mbele ya kibao, machozi ya kitunguu yakimtiririka mashavuni, akiuliza kama kuna kingine cha kukata.