Toleo 3.2.1

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na sijui kutunga hata mstari mmoja wa programu. Binti yangu ndiye anayejua, na msitake nione haya kumsifu. Ameunda programu ya kukokotoa dozi kwa uzito wa mtoto, akaiacha wazi: yeyote anaichukua bure, anaisoma ndani, anairekebisha. Kila toleo lina namba yake, ili mtu ajue ameshika lipi.

Jumatatu alitoa toleo 3.2.0. Jumanne nikalijaribu kabla ya kulitumia wodini, maana mimi siamini mashine, hata ya mwanangu. Nikaandika kilo mbili na nusu, lenyewe likahesabu tatu. Kwa kichanga, dozi hiyo si mchezo. Nikampigia simu. Akalijaribu mwenyewe papo hapo, kisha akasema kosa ni lake.

Na Alhamisi hiyo mganga mkuu wetu angechagua programu ya hospitali nzima, na ya binti yangu ilikuwa mojawapo! Mfanyakazi mwenzake binti yangu akamshauri arekebishe kimyakimya, aliweke upya kwa namba ileile. Waliolichukua hawafiki arobaini, nani atajua? Nisiwe mnafiki, hata mimi nilimwambia afunike kombe mwanaharamu apite. Akanijibu kwa ule upole wa kuudhi wa baba yake:

"Namba ikishatoka, mama, kilichomo hakiguswi tena. Wote wakiwa na 3.2.0, aliyeshika mbovu atajijuaje?"

Akatoa 3.2.1, na juu kabisa akaandika kwamba 3.2.0 ina kosa la uzito alilolifanya yeye, iondolewe leo hii. Akatia na jina lake. Nilikasirika, jamani. Miaka minne ya jasho, halafu anajichongea mwenyewe.

Alhamisi mganga mkuu akalisoma tangazo lile mbele yetu sote, neno kwa neno. Kisha akamgeukia muuzaji wa programu nyingine, akamwomba orodha ya makosa yao. Muuzaji akatabasamu, akasema kwa miaka saba hawajawa na kosa hata moja.

"Basi ninyi ndio mnaonitisha," mganga mkuu akasema, akamrudishia makaratasi yake.

Akauliza kama kuna anayemfahamu huyu wa 3.2.1. Nilisimama kabla hajamaliza, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mimi," nikasema. "Nimemzaa."