Bambu Iliyomubeba Aloys

Mwana wangu Modeste alipotafuta mulingoti kwa gari yake ya tanga, alijaribu miti mitatu mbele ya kufika kwa bambu, mwanzi ule wa jikoni kwangu. Ninaijua yote, sababu tanga nilishona mimi, na mushonaji anapima muti mbele ya kukata kitambaa.

Mutu ambaye hajaona gari ya tanga asifikiri mutumbwi. Ni kiti cha chini kabisa, matako karibu yaguse majani, kimefungwa juu ya vyuma na magurudumu matatu: mawili ya toroli la brueti nyuma, moja ya velo ya kukanyaga mbele. Moteur hakuna. Mulingoti unasimama mbele ya magoti ya mwenye kukaa, tanga inakamata upepo, na gari inakimbia kama imefukuzwa. Ni Edouard aliyeleta wazimu ule Bukavu. Alikuwa mwalimu pamoja na Modeste, alisoma Ubelgiji, na huko alikimbiza magari yale juu ya muchanga. Ilikuwa miaka ya Zaïre, watu wote wamekuwa citoyen na citoyenne, raia tu, majina ya ubatizo yamekatazwa kwenye karatasi. Kwangu, mutaa wa Bagira, Modeste alibaki Modeste.

Walitengeneza magari manne, na siku ya misa, siku ya mungu ya mwisho ya mwezi wa saba walipaswa kushindana kwenye kiwanja cha zamani, kupita kijiji cha Miti, pale ndege ndogo za wazungu wa chai zilikuwa zinatua. Wakati ule ni ng'ombe tu waliotua pale.

Muti wa kwanza ulikuwa karatasi—samahani, kalamu inakimbia—ulikuwa karatusi. Munyoofu, umechongwa hata unateleza. Lakini ulikuwa mubichi, na nilipoushika vidole vikabaki na utomvu.

“Huu utachafua tanga yangu,” nikasema.

“Maman Domitille, uchafu si kitu,” Edouard akajibu. “Uzito wa juu njo unaua. Gari iko ndogo. Ukiweka uzito kule kichwani, upepo ukija kidogo tu, gari inalala, na wewe unalala nayo.”

Wa pili ulikuwa tiyo, bomba ya aluminium, iliyotoka kwa antena ya radio ya zamani. Nyepesi, hata mimi niliinua kwa mukono moja. Modeste akailaza juu ya viti viwili, akatundika kitunga cha maharagi katikati. Tiyo ikapinda. Akaondoa kitunga, tiyo ikabaki imepinda vilevile, kama mutu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

“Mulingoti lazima upinde na urudi,” Edouard akasema. “Usipopinda, upepo wote unashuka kwa magurudumu. Ukipinda bila kurudi, ni takataka.”

Wa tatu ulikuwa bambu mubichi kutoka pori la mulimani. Iliwekwa kwenye baraza ikauke. Jua likaipasua kati ya vifundo, pa! pa!, hata Rosalie, muke wa Modeste, akakimbia na mutoto mugongoni akifikiri ni basoda wanapiga risasi.

Kiisha nikaenda misa. Niliporudi, niliwasikia wanapiga makofi nyuma ya nyumba. Viti viwili, kitunga cha maharagi, na juu yake bambu yangu. Nyeusi ya moshi, inang'aa kama meno ya muzee anayevuta kiko. Ilishuka na uzito ule polepole. Modeste akaondoa kitunga, nayo ikapanda polepole, ikanyooka, ikatulia.

“Hii!” Edouard akapiga kelele. “Citoyen, ulikuwa na hii nyumbani na unatutembeza mupaka porini?”

Modeste hakuniangalia.

Basi niseme ile bambu ilikuwa nini. Ilikuwa bambu ya kipoyi, ile tunayobebea wagonjwa mulimani: bambu moja ndefu juu ya mabega ya watu wawili, na mukeka umefungwa chini yake, mutu amelala ndani. Mume wangu Aloys alichimba zahabu Luhwindja. Vumbi la mashimo likamukaa kifuani. Alipoanza kutapika damu, mudogo wake Stanislas na wanaume wengine wakamubeba wamulete kwangu. Modeste, wakati ule kijana wa koleji, alitembea kando ya mukeka. Aloys akafia njiani, juu ya bambu ile.

Sasa, kwetu, mutu akifia kwenye kipoyi, kila mara munapovuka maji munamuita. Mwenye damu yake anasema: “Fulani, tunavuka.” Hivi anavuka pamoja nanyi. Usipomuita, mwili unavuka, yeye mwenyewe anabaki amekamata bambu, hajui namna ya kushuka. Walimuita kwa kila kijito. Lakini karibu na muto mukubwa mvua ikanyesha, na lori ikawahurumia, ikawapakia nyuma, chini ya turubai. Watu wamechoka, wakalala. Walipofunua turubai, muto ulikuwa nyuma. Hakuna aliyeita.

Kiisha kilio, bambu inapaswa kurudi kwa walioibeba. Stanislas akakataa kuipokea.

“Mulamu, mutu wenu angali juu yake,” akaniambia. “Mwana wake aende pale muto, amuvushe. Kiisha minaichukua.”

Modeste akasema ndiyo, kiisha mitihani. Kiisha mitihani akasema kiisha mvua. Kiisha mvua, kiisha ndoa. Na bambu ikakaa juu ya moshi wa jiko langu, na mimi nikapika chini yake miaka yote ile. Kuna asubuhi nilikuta tone la maji kwenye kifuniko cha sufuria, katika kiangazi, chini ya pale kichwa chake kililala. Nilipangusa, nikaendelea na kazi.

Siku ile, Edouard alipoenda, nikamuita Modeste jikoni.

“Unataka ukae chini ya baba yako, upepo ukutupe?”

“Maman, ni bambu. Imekauka vizuri, haina mupasuko.”

“Basi nenda muto kwanza. Muite. Kiisha ifanyie unachotaka.”

“Kiisha course, maman. Mashindano kwanza.”

“Modeste.”

“Kiisha course.”

Nilikuwa na mwana yule moja tu aliyebaki. Mutu ambaye hajavushwa hana ubaya, lakini anakamata kile kilicho karibu, kama vile mwenye kuzama anavyokamata shingo ya mwenye kumuokoa. Hilo njo niliogopa. Hata hivyo nilishona mufuko wa tanga, ule mulingoti unaingia ndani yake kama mukono ndani ya shati. Kama singeshona, angepeleka kwa mushonaji wa Kadutu, na mimi sikutaka mikono ya mugeni imupime Aloys. Nilitumia kitambaa cha amerikani nzito, uzi mara mbili. Nilipovalisha bambu mara ya kwanza, kitambaa kikalowana pahali pamoja, upana wa kichwa. Nikageuza kitambaa. Pakalowana palepale.

Siku ya kujaribu, Modeste na Edouard wakaweka bambu mabegani, moja mbele, moja nyuma, kuipeleka kwa camionnette, gari ya mizigo. Hawakufikiri. Lakini watu wa Bagira wanajua bambu iliyobebwa hivyo. Wamama waliotoka sokoni wakatua vitunga chini, wakasimama kimya. Muzee moja akavua kofia.

“Ni nani?” akauliza.

“Ni mât, mulingoti, muzee!” Edouard akacheka. “Ni ya mashindano!”

Muzee hakurudisha kofia. Alitufuata kwa macho mupaka camionnette ikakata kona.

Kule kiwanjani upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka mulima wa Kahuzi, na moshi wa mashamba yanayochomwa ulilala pembeni. Wakasimamisha bambu ndani ya kikombe chake cha chuma, wakakaza kamba tatu. Rosalie alikuwa pamoja nami. Akanivuta kitambaa.

“Maman, angalia. Papa ya batoto iko anazungumuza na muti.”

Kweli. Modeste alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye bambu, midomo inatembea.

“Anaomba,” nikamwambia.

“Anaomba kwa kucheka?”

Modeste akaondoka na gari. Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri kuona. Tanga nyeupe, mushono wangu umenyooka, gari inateleza juu ya majani kavu na sauti ya nguo inayopasuliwa mbali. Edouard nyuma yake, na mulingoti wake wa chuma, hakuweza kumukaribia. Alipopita mbele yetu, nikasikia. Upepo ulikuwa unaingia mahali fulani ndani ya bambu, na ulitoka kwa vipande: mbili fupi, moja ndefu, kimya, kiisha tena mbili fupi. Nililala kando ya kikohozi kile cha Aloys miaka mingi. Singekosea.

Pale mwisho wa kiwanja, alipogeuza, upepo ukamupiga kwa upande. Gurudumu moja likainuka. Kiti kikainuka. Edouard akapiga kelele: “Lâche! Achilia kamba ya tanga!” Modeste hakuachilia. Bambu ikapinda, ikapinda, mupaka niliona ncha yake inashuka kama kichwa cha mutu anayetaka kutapika. Bambu yoyote ingevunjika. Ile ikatetemeka, ikabaki chini wakati murefu, kiisha ikarudi, na kurudi kwake kukaweka gari juu ya magurudumu yake yote.

Modeste akaja kwetu anakimbia kwa miguu, uso unawaka.

“Maman! Umeona? Amenishika!”

Edouard akacheka: “Amekushika nani? Sema imekushika. Hata Kifaransa kimekutoroka, sasa na Kiswahili?”

Lakini mimi nilikuwa nimeelewa. Nikamushika mwana wangu mukono, nikamuvuta nyuma ya camionnette.

“Tangu lini unajua kama baba yako iko pale?”

Akaangalia viatu vyake.

“Tangu lori, maman.”

“Namna gani, tangu lori? Mulikuwa mumelala.”

“Bale balilala. Mimi hapana. Turubai ilikuwa na tundu. Niliona daraja. Niliona maji chini, mekundu ya mvua. Nilifungua kinywa nimuite. Nikafikiri: nikimuita, atashuka. Kiisha hatakuwa tena popote. Basi nikafunga kinywa.”

Miaka yote ile tulisema ni kosa la Stanislas, sababu alikuwa mukubwa wa safari. Stanislas mwenyewe aliliamini.

“Na mimi nimepika chini yake,” nikasema.

“Maman, si ulimuona leo? Iko na nguvu. Amenikinga.”

“Nilimuona. Wewe ulimuona namna alivyojipinda? Ulisikia kifua chake?”

“Minasikia. Njo vile minajua ni yeye.”

“Modeste, sikiliza vizuri. Baba yako alikufa akitoka kazini. Miaka yote alibeba mawe. Kifua kikamuisha, akasema nipelekeni nyumbani nipumuzike. Wewe ulimukatalia kushuka. Na leo umemuvalisha nguo, umemurudisha kazi, na kifua kilekile.”

Nilifikiri atakasirika, sababu alikuwa mutu aliyesoma, na watu waliosoma wakikosa jibu wanakasirika. Alikaa chini kwenye majani, palepale, na koti lake la abacost. Edouard alikuja, akatuangalia, akarudi kwa gari yake bila mchezo. Upepo ulikuwa bado unapiga, na kule kiwanjani bambu iliendelea kukohoa peke yake.

Modeste akaziba masikio.

“Maman, iondoe pale,” akasema. “Tafazali.”

Siku ya mungu ya mashindano hatukuenda Miti. Edouard alisikitika kweli: “Citoyen, utaniachia ushindi bure? Weka hata tiyo ile iliyopinda, tukimbie!” Modeste akamwambia: “Shinda tu, ndugu yangu.” Tukapanda lori ya kwanza, tukamuchukua Stanislas nyumbani kwake kando ya njia, na kumuelezea kila kitu. Stanislas alimusikiliza Modeste mupaka mwisho.

“Kumbe wewe,” akasema tu. Kiisha akamupa mbele ya bambu, yeye akashika nyuma.

Lori ilituvusha muto, ikatuacha ng'ambo, upande wa Luhwindja, ili tuvuke tena kwa miguu, upande ule Aloys aliokuwa anakuja nao. Daraja lilikuwa la mbao, ukungu umelala juu ya maji. Wakaweka bambu mabegani. Kwenye ubao wa kwanza Modeste akasimama. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka. Stanislas akataka kusaidia, nikamukataza kwa mukono. Si yeye aliyepaswa.

“Papa,” Modeste akasema. Kiisha kwa nguvu, hata ndege wakaruka chini ya daraja: “Papa Aloys! Tunavuka!”

Tukavuka. Nilikuwa nyuma yao. Katikati ya daraja nikasikia mbao zinalia nyuma yangu, moja, kiisha nyingine, kwa uzito wa mutu. Sikugeuka. Modeste naye alisikia, shingo yake ikaanza kugeuka, nikamuita: “Mbele! Angalia mbele!”

Tulipofika ng'ambo, hatua zile zikatoka kwenye mbao, zikaingia kwenye changarawe, zikatukaribia. Baridi ilipita kando ya bega langu la kushoto, ikampita Stanislas, ikampita Modeste. Kiisha hatua zile zikawa mbele yetu, barabarani, ndani ya ukungu, zinapanda kuelekea Bukavu.

Modeste alikuwa analia bila kujificha, bambu begani.

“Maman, anatembea mbiyo. Tutamukosa.”

“Mwache,” nikamwambia. “Njia anaijua.”