Nyumbani Tulimwita Redio

...kusoma, vizuri, kuandika, vizuri sana, kuzungumza, mtulivu, na kidole cha mwalimu kikasimama pale kwenye neno la mwisho la kadi kama kilichokanyaga mwiba, maana mama wa marehemu alikuwa ameacha kulia na anamtazama, "Mtulivu?" akasema, "mtulivu nani, mwalimu, huyu wangu? Huyu nyumbani tulimwita Redio," na akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka kabla hajakikamata, na mjomba wa mtoto aliyekaa kando yake akatikisa kichwa, "Redio kweli kabisa, mwalimu wangu, unaizima huku inawaka kule, mpaka usingizini anaongea," naye mwalimu akatabasamu kwa kuwa ndicho kitu pekee uso wake ulichoweza kufanya, huku ndani kitu kikiporomoka polepole, kwa sababu hakuwa amemsahau mtoto huyu, mtu husahau alichowahi kuwa nacho, yeye hakuwahi kuwa naye, alikuwa na kadi yake tu... darasa zima analo ndani ya boksi la viatu, kila mtoto na kadi yake, wanafunzi wanamwita Mwalimu Kadi na wanadhani hajui, na alijivunia, kwa nini asijivunie, alianza kazi kama wenzake, anauliza swali la Kiingereza na wanaojibu ni wale wale wa mbele, vidole juu kila siku, wengine wamejiinamia wanachora pembeni mwa daftari, ndipo akabuni boksi, anazichanganya kadi kama mcheza karata, anachomoa moja, anaita, mtoto anasimama, anajibu, anawekewa alama, hakuna wa kujificha wala wa kuonewa, na mkaguzi alipokuja aliketi nyuma akajaza ukurasa mzima wa sifa, mkuu wa shule akawaleta walimu wengine waje wajifunze, "Kwa huyu hapotei mtoto," ndivyo alivyowaambia, hapotei mtoto... hata mkewe aliwahi kumtania, na mimi nifungulie kadi basi, baba watoto, ujue kwamba nipo, wakacheka mpaka chai ikapoa, mbona sasa haichekeshi. "Tukasema tupite," mjomba alikuwa anaendelea, "tuchukue madaftari yake, tuwashukuru walimu, mlikuja msibani wengi, tuliwaona," na kweli mwalimu alikwenda, alisimama nyuma na wenzake wa chumba hiki hiki cha walimu, akashika mikono ya watu, pole, poleni sana, na muda wote alikuwa anajitahidi kumwona mtoto kichwani na anayemjia ni mwingine, yule aliyekaa naye dawati moja, mwenye mwanya, mzima wa afya, yuko nje anacheza sasa hivi, alimlilia marehemu kwa sura ya mtoto mwingine na hilo hajamwambia mtu... homa ilimchukua marehemu wakati wa likizo, shule ikafunguliwa, wenzake dawatini wakasogea kidogo wakaijaza nafasi, kama maji, wala mwalimu hakuhitaji kupanga darasa upya, lakini tangu hapo akigeukia ubao anahisi kuna mtu anamtazama kisogoni, si mzimu, yeye haamini mizimu, ni macho tu, macho ya mtu anayengoja zamu, akigeuka ni darasa lile lile, limejaa. "Mwalimu," mama akasema, na sasa sauti ilikuwa chini, "alama nimezisikia, Mungu akubariki, lakini mimi nataka uniambie, hapa alikuwaje? Alikuwa anasema nini? Maneno yake ya nyumbani ninayo yote, ya huku sina hata moja, nipe moja tu nikae nalo," na mwalimu akafungua mdomo, maana sentensi zilikuwepo, anazo tele, alikuwa mchangamfu, alipenda hadithi, alisaidia wenzake, ndizo anazoandika kila mwisho wa muhula kwenye ripoti, zinamkaa kila mtoto kama shati la sare lililonunuliwa kubwa makusudi, na mama angezipokea, angezifunga kwenye ncha ya khanga akaenda nazo, angewasimulia majirani... lakini Redio, mchangamfu kivipi wakati kadi inasema mtulivu, muhula uliopita mtulivu, wa kabla yake mtulivu, kwa mwandiko wake mwenyewe, basi nani alikuwa anaizima ile redio asubuhi mlangoni, mtoto mwenyewe, au Kiingereza, au ni yeye na boksi lake, simama, jibu, keti, mtoto wa maneno mengi namna ile anapewa nafasi ya sentensi moja kisha kimya mpaka bahati imrudie... "Labda tunakuchosha," mjomba akasema, "hapana, hapana," mwalimu akajibu, nje mpira ukagonga ukuta na mtoto akapiga kelele, wewe! wewe bwana, leta huku! wewe... wewe, na ikamjia, haikuanza na sura, ilianza na sauti, nzito kidogo, ya haraka, kama ya mtu aliyefika mbio, "Mwalimu, hii *you*, ni wewe au ni ninyi?" alikuwa amesimama, kadi yake ndiyo iliyochomoka, ametakiwa atunge sentensi na badala yake anauliza, tena kwa Kiswahili, jambo lisiloruhusiwa kwenye kipindi chake, "Ni vyote viwili," alimjibu, na mtoto hakuketi, "Sasa ukisema *you*, mtu atajuaje kama anayeitwa ni yeye?" na darasa likaangua kicheko, naye akacheka nalo, Mungu wangu, alicheka, kwa kuwa swali lilikuwa zuri na dakika zilikuwa zinayoyoma, "Utajua tu," akasema, "keti," akamwekea mstari mfupi, mstari ndiyo alama ya aliyenyamaza, kwa kuwa sentensi hakuitunga, akachomoa kadi nyingine... na sasa akamwona, amesimama vile vile, ukosi wa sare umejikunja upande mmoja, mkono umeshika ukingo wa dawati, hacheki na wenzake, anamtazama yeye, alikuwa anataka kujua kweli, na mwalimu akainamia kadi, mistari ile mifupi ilikuwa mingi, imejipanga chini ya jina, na hakujua ni mingapi iliyokuwa kimya na ni mingapi iliyokuwa maneno, hatajua tena, mmoja tu ndio anaoujua... mama bado ameinama mbele, viganja mapajani, mjomba amekaza macho sakafuni, mpira unagonga tena ukuta, na angeweza kumpa swali peke yake, safi, bila kicheko, lingependeza, angeondoka nalo akiamini mwanawe alisikilizwa, lakini neno hili ni la mtoto na yeye hana ruhusa ya kulikata, litakwenda zima, na kicheko cha darasa, na cha kwake, na ule mstari, hata kama mama atanyanyuka atoke bila kumpa mkono, "Mama," akasema, "siku moja aliniuliza swali, na mimi sikumjibu."