Mama Mkwe na Waya wa Mafuta

Urbano alikuwa na baiskeli ya injini, na kijiji kizima kilijua, maana hakuwahi kuipitisha mahali bila honi. Aliifungia vioo viwili, taa za rangi na redio ya kuning'iniza. Kitu kimoja tu hakukifunga: waya mpya wa mafuta, ule wa kuongezea mwendo. Fundi wa Nduguti alimwonyesha kwa kidole jinsi nyuzi za waya wa zamani zilivyoanza kukatika pale unapoingia kwenye mshikio wa kulia, akamwambia abadilishe. Urbano akaitikia vizuri, akaenda kununua taa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na siku ya kujenga ukuta ilimfikia akiwa hana nafasi hata ya kukaa chini.

Asubuhi hiyo mke wake, Winfrida, alikuwa hospitalini Nduguti na uchungu uliogoma kusonga. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, daktari akasema lazima mama apasuliwe, tena mapema. Winfrida akakataa. Dada yake mkubwa alikufa akijifungua, mama yao akiwa mbali, naye alikuwa amejiapiza kwamba yeye hatapasuliwa mpaka amwone mama yake. Walimbembeleza, wapi. Simu ya mama haikupatikana, maana kule bondeni mtandao ni wa kubahatisha, na bodaboda zote zilikuwa zimekimbilia mnadani. Basi Urbano akapiga pedeli, injini ikaitika, akaenda kumfuata mama mkwe.

Sasa, kwao mkwe ni mkwe. Tangu amwoe Winfrida, Urbano hakuwahi kusogea karibu na Damari, mama mkwe wake. Alimwamkia shikamoo kwa mbali, ameinama, na chakula kikija alikwenda kulia nje. Hata siku hiyo alimpa habari yote akiongea na mlango. Damari hakuuliza mara mbili. Alikaza kitenge, akakaa kiupande kwenye keria, na katikati yao akaweka kifurushi cha unga wa uji kiwe kizuizi. Wakaondoka hivyo, kila mtu akitazama upande wake.

Waya ulikatika kwenye mwinuko wa kwanza. Injini ilishusha sauti, ikakoroma, ikazima. Urbano akazungusha mshikio, ukazunguka bure.

"Mafuta yameisha?" Damari akauliza.

"Hapana, mama. Waya umekatika."

"Jana ulikuwa mzima?"

Urbano akajifanya anatafuta spana. Alitaka kusema ndiyo, akaona uongo wa namna hiyo, na mkewe yuko kule, ni dhambi. Damari akaziangalia zile taa za rangi, na Urbano akasikia masikio yanamwaka moto.

Alichomoa waya kwenye mshikio pamoja na ganda lake, akauvuta nyuma. Alilikata ganda kidogo kwa kisu ili ncha ya waya ibaki nje, akalifunga kwenye nguzo ya siti kwa mpira wa kufungia mizigo, na ile ncha akaizungusha kwenye spana. Ukivuta spana, kabureta inafunguka, ukiachia, inajifunga. Akaona ataelekeza usukani kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine. Kwenye barabara ngumu ingewezekana. Kwenye mchanga wa njia ile hawakufika mbali: tairi la mbele lilizama, usukani ukapinda, na Urbano akamwangusha mama mkwe wake chini.

Damari alianguka kitenge kikienda huku na kilemba kule. Urbano akageuka upande wa pili haraka, akafumba macho kabisa, akasimama kama mtoto anayehesabu kwenye kombolela. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yake alimsikia mama mkwe akijikung'uta vumbi.

"Nipe huo waya," Damari akasema.

"Mama, haiwezekani. Huo waya uko karibu sana na siti yangu."

"Nimeona ulipo."

"Watu wakituona?"

"Mficha uchi hazai, baba. Na anayezaa leo ni mwanangu. Kaa."

Akakaa. Kifurushi kikahamia mbele kwenye usukani. Damari akapanda keria kiume, miguu huku na huku, kifua kikagusa mgongo wa mkwe wake, na mkono ukapita kando ya nyonga yake ukashika spana. Urbano akatokwa jasho shingoni. Na kama hiyo haikutosha, ilimbidi sasa ampe mama mkwe amri. "Vuta kidogo, mama. Achia. Vuta." Damari alikuwa mwepesi. Punde hakungoja tena kuambiwa: akiona mchanga anaachia, akiona pagumu anavuta, na injini ikanguruma vizuri kuliko ilivyowahi kunguruma mkononi mwa mwenyewe.

Mbele ukatokea mnada. Barabara ilipita katikati yake, kati ya ng'ombe na mitumba na nyama choma, na siku kama hiyo hakuna mzee wa ukoo wa Winfrida aliyebaki nyumbani. Kulikuwa na njia nyingine nyuma ya kilima, ndefu, ya mawe. Urbano alimfikiria Winfrida. Ni kweli, alimfikiria. Kisha akawafikiria wale wazee.

"Achia, mama, nikate kona," akasema. "Mnadani kuna msongamano. Tuzunguke."

"Huko kuzunguka ndiko karibu?"

"Achia, mama."

Damari hakuachia. Alivuta mpaka mwisho. Kwa mwendo ule kona haikukatika. Urbano akang'ang'ania usukani kwa mikono miwili, wakaingia mnadani. Mbuzi wakatawanyika, vijana wakapiga miluzi, simu zikainuliwa. "Urbano, leo umekuwa abiria?" mtu akauliza, na watu wakaangua kicheko. Mzee Mughwai, mdogo wake baba mkwe, alikuwa na mfupa mkononi. Aliushusha polepole, akatazama chini. Machozi yakamtoka Urbano, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Hospitalini walimkuta Winfrida amelala ubavu, midomo imekauka. Alipomwona mama yake alilia, kisha akamwambia muuguzi, "Sasa nipelekeni." Damari akamshika mkono. Winfrida akaona damu. Waya ulikuwa umemchana vidole.

"Mama, umefanya nini?"

"Nilijishikilia vibaya. Mume wako huyu ana haraka, mwanangu. Nilimwambia tuzunguke, mnadani watatuona, tutaaibika. Akasema aibu si kitu, mke wangu ananingoja. Akapita katikati yao."

Urbano alikuwa mlangoni. Akafungua mdomo aseme kwamba si hivyo, kwamba ni kinyume chake. Damari akamtazama, naye akaufunga.

Winfrida akamnyooshea mkono kutoka kitandani.

"Mimi nilidhani utaona aibu kumpakia mama," akasema. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe."

Urbano akaushika ule mkono. "Usijali," akasema, na kitanda kikasukumwa kwenye chumba cha upasuaji.