Mikono Iliyobaki Kazini

Jumatatu, king'ora cha kufunga kilipolia, mpiga pasi alivaa koti akaenda zake nyumbani. Mikono yake ilibaki. Rundo la mashuka ya hoteli lilikuwa bado refu, na meneja alishasema kazi haiachwi mpaka liishe.

Hapo nyuma, saa za ziada zilimrudisha nyumbani mtoto akiwa ameshalala. Mwanawe wa kwanza, ana majuma machache tu duniani, na alikuwa hajambeba hata mara moja. Sasa alimkuta macho, lakini hakuwa na cha kumbebea. Mkewe aliwalisha wote wawili, kijiko huku, kijiko kule.

"Mkono mmoja haulei mwana," alisema mama mkwe. "Wewe baba hata huo mmoja huna."

Asubuhi mikono ilirejea mabegani, ya moto, inanuka mvuke. Jioni ilibaki tena. Ikawa hivyo juma zima.

Ijumaa mchana alikwenda kwenye dirisha la mhasibu. Hesabu yenyewe haina uganga. Saa arobaini na tano za kawaida kwa mia moja ni elfu nne na mia tano. Saa ishirini za ziada kwa mia na hamsini ni elfu tatu. Jumla elfu saba na mia tano kabla ya makato. Mhasibu aliandika elfu tano na mia tano.

"Ndugu yangu, hizi za ziada ulifanya wewe?"

"Mikono yangu."

"Haya. Mtu ni kichwa, kiwiliwili, mikono miwili, miguu miwili. Sita. Viwili vilikuwa kazini, vinne vilikuwa kwako vimejinyoosha. Theluthi ya elfu tatu ni elfu moja. Sikuonei, kaka."

"Na mashuka? Yamenyooka theluthi?"

"Hilo muulize meneja."

Jioni ile alirudi nyumbani na hasira, na hata ngumi ya kukunja hakuwa nayo.

Juma lililofuata mkewe alichoka kungoja. Alimfunga mtoto mgongoni. "Twende, baba mtoto. Leo atabebwa."

Kule kazini, mikono ilipomwona mtoto iliisimamisha pasi, ikajifuta kwenye shuka, ikampokea, kiganja kimoja chini ya shingo kama inavyotakiwa. Baba alisimama kando akimtazama mwanawe anavyosinzia. Walikaa hivyo saa nzima. Mhasibu alipita, akawapa hongera ya mtoto, akatazama saa yake.

Ijumaa malipo yalichelewa mpaka king'ora kikalia. Kwenye karatasi ya mshahara palikuwa na mstari mpya: kubeba mtoto, saa moja ya ziada, toa mia na hamsini.

"Si ulisema mikono ni theluthi?"

"Kwenye kulipwa," alisema mhasibu. "Kwenye kukatwa unahesabiwa mtu mzima. Sahihi hapa."

Mpiga pasi alisema hatii sahihi. Lakini mikono ilikuwa imeshabaki kazini. Ilitia sahihi pale ilipoonyeshwa, ikarudi kwenye mashuka.